Mwanvua Maneno na Paa la Gari la Darius

Jumatatu tarehe 30 Juni 2003, Mwanvua Maneno, fundi mkuu wa turubai na viti katika Ushirika wetu wa Mafundi hapa Rumonge, atakabidhi ufunguo wa stoo na kustaafu. Atakuwa ametumikia miaka ishirini na tisa, miezi mitatu na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe, mimi nimeinakili tu. Hafla ya kumuaga itafanyika Jumamosi tarehe 28, saa saba mchana kamili, ili wageni wa Kizuka na wa Gitaza wawahi kufika makwao kabla ya saa ya kutotoka nje.

Kamati imeniomba mimi, Samy, niandike ukurasa huu kwa kuwa tumefanya kazi pamoja tangu mwaka 1985, yeye upande wa cherehani na mimi upande wa kuchomelea vyuma, ukuta mmoja katikati. Rasimu ya kwanza nilimpelekea wiki tatu zilizopita. Nilijaza sifa na vichekesho, kama inavyopasa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni penye mwanga, kwa maana macho yake siku hizi hayamtii, kisha akanirudishia.

“Darius iko wapi humu ndani?” aliniuliza.

Nilimwambia hafla ni ya furaha, watu watakuja na watoto wao.

“Basi huyu unayemuaga si mimi,” alisema. “Ukitaka kuniandika, niandike pamoja na Darius. Na uandike kila kitu, usichonge pembe.”

Kwa hiyo hii ni rasimu ya pili.

Mwanvua alizaliwa mwaka 1948 katika mtaa wa Waswahili, hapahapa mjini. Babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji wakati wa Wajerumani. Baba yake, Mzee Maneno, alikuwa akishona vifuniko vya mizigo kwa ajili ya wenye maboti, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na binti yake ndiye aliyekuwa mzungushaji tangu akiwa na miaka tisa. Watani wake husema aliyemwita mtoto Mwanvua alijua kabisa kwamba maisha yake yote atapigana na mvua.

Alijiunga na Ushirika Jumatatu tarehe 4 Machi 1974, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja. Wiki ya kwanza walimpa kazi ya kukata nyuzi zilizoning’inia. Wiki ya pili fundi wa turubai akaugua malaria, na lori la mfanyabiashara mmoja lilikuwa uani likisubiri kifuniko chake. Mwanvua aliumaliza mshono ulioachwa nusu, na yule fundi aliporudi alikagua kazi, akajisifu kwamba hata akiwa na homa mkono wake hautetereki. Hakuna aliyemwambia ukweli mpaka alipostaafu.

Mwaka 1983 alifanywa fundi mkuu. Abiria wengi wa mabasi madogo ya Bujumbura hadi Nyanza-Lac wamekalia mikono yake bila kujua. Viti vyake havibani mapaja na mshono wake hauvuji sponji. Alikuwa mkali. Ukikanyaga turubai lililotandazwa, hata uwe mwenyekiti wa Ushirika, utavua viatu na kulifuta. Mwaka 1987 aligundua kwamba futi ya utepe tuliyonunua sokoni ilikuwa fupi kwa sentimita mbili. Aliigongelea ukutani kwa misumari na kuandika chini yake kwa chaki: MWONGO. Bado iko pale, wageni huidhani ni pambo.

Wengi wetu tunamwita Mama Shafii, kwa jina la mwanawe wa pekee. Mumewe, Hadji, aliyekuwa akichuuza ndagala, dagaa wa ziwani, alifariki mwaka 1991. Shafii alivukia Tanzania na mkewe mwaka 1996, wakati nyumba zilipokuwa zikichomwa milimani na watu wakilala nje ya vitanda vyao. Tangu hapo mama yake amebaki peke yake nyumbani, na amekuwa wa kwanza kufika kazini kila asubuhi, hata asubuhi zile ambazo sisi wengine tulikuwa bado tunasikiliza kama milio imenyamaza.

Sasa nifike alikotaka nifike.

Kulikuwa na mhandisi mmoja wa Kizungu aliyefanya kazi katika kiwanda cha mawese. Mwaka 1988 aliagiza gari lililokuja vipande vipande ndani ya masanduku. Lilikuwa mfano wa gari la mashindano la Kiingereza la zamani, la watu wawili, lililo wazi juu. Bodi yake ilikuwa ya faiba na chini yake kulikuwa na injini na chesisi ya Volkswagen ya mgongo wa kobe. Aliliunga kwa miaka miwili, akisaidiwa na Darius, makanika wa kiwanda. Darius alikuwa Mkongomani wa Uvira, mrefu, mcheshi, mwimbaji wa kwaya, mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani itavunja kila skrubu. Paa hawakuweka. Yule mhandisi alisema siku ya mvua ni siku ya kukaa nyumbani. Vita vilipoanza, mwishoni mwa 1993, aliondoka na begi moja, akamwachia Darius ufunguo.

Gari lilikaa bandani miaka mitatu na zaidi. Kisha, mwanzoni mwa 1997, gari la wagonjwa la dispensari moja ya upande wa Kizuka likachomwa barabarani. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimetubana: mafuta kwa kibuyu, vipuri hakuna. Muuguzi wa dispensari hiyo, Rachelle, naye mtu wa Kivu Kusini, alikuwa na wajawazito ambao uzazi wao ulihitaji kisu cha daktari wa Rumonge, na hakuwa na cha kuwapandisha. Alimwendea Darius. Darius aling’oa kiti cha abiria, akatandika godoro, na lile gari la anasa likawa gari la wagonjwa. Mgonjwa alilala kando ya dereva, na Rachelle alijikunja nyuma, kwenye ukingo mwembamba wa kuwekea mizigo.

Mwezi Novemba walimbeba mama mmoja aitwaye Wema. Mvua iliwapata njiani. Rachelle alishika karatasi ya plastiki juu yake kwa mikono miwili, upepo ukaipasua. Wema alijifungua salama hospitalini, lakini alikuwa amelowa na kutetemeka saa nzima, tayari akiwa dhaifu. Kifua kikambana. Alifariki siku ya nne.

Kesho yake asubuhi Rachelle alikuja kwenye karakana yetu na ile plastiki iliyopasuka, akaiweka juu ya meza ya Mwanvua.

“Mama Shafii, unaweza kulifunika lile gari?”

“Turubai sina. Mwaka mzima sijaona roli mpya ya kitambaa.”

“Sikuulizi turubai. Nauliza kama unaweza.”

Mwanvua akatutazama sisi tuliokuwa tumekaa barazani kivulini. Wakati huo baraza yote ya karakana ilifunikwa na turubai zito la pamba ambalo yeye mwenyewe alilishona mwaka 1991.

“Samy,” aliniambia, “leta ngazi.”

Tulilalamika, sitaficha. Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi juani, na mvua ilipokuja tulihamishia vyuma ndani mbio. Lakini turubai lilishuka.

Aliyekuja na pingamizi la kweli alikuwa Darius mwenyewe. Alikuja na gari uani, akazima injini, akabaki ameketi ndani.

“Mama Shafii, nisikilize. Hili gari likiwa wazi linatulinda. Kwenye kila bariyeri mutu anaona mbali: iko dereva, iko mugonjwa, iko muuguzi. Hawana haja ya kuuliza. Ukilifunika, watafikiri iko bunduki ndani. Watapiga kwanza.”

“Na usipolifunika?”

“Najua. Wema nilimbeba mimi.”

Walikubaliana hivi: paa liwe la kuanguka nyuma kwa mvuto mmoja. Darius alitaka aweze kulifungua kwa mkono mmoja akiwa bado anaendesha, hatua hamsini kabla ya kizuizi, ili gari lifike likiwa wazi. Mwanvua alisema atamfanyia.

Kazi ilichukua miezi ipatayo minne kwa sababu kila kitu kilitafutwa. Mimi nilipinda matao matatu ya bomba na kuyatia bawaba nyuma ya viti, na springi mbili za kuyavuta chini. Mbele, paa lilishikwa kwenye ukingo wa kioo kwa kulabu mbili nilizozitengeneza, na zote mbili zilifunguliwa kwa kamba moja iliyoning’inia karibu na sikio la dereva. Mwanvua alikata kwanza mfano kwa mashuka makuukuu, akayapigia pini juu ya matao, akaweka alama za chaki, akayaondoa, akayarudisha, siku sita. Madirisha yalimtatiza mpaka Rachelle alipoleta filamu kubwa za eksirei zilizotupwa na hospitali. Walizisugua kwa maji ya javeli, yale ya kung’arishia nguo, hadi mifupa ya watu ikafutika na ukaona ziwa upande wa pili. Mishono aliishona mara mbili, mmoja juu ya mwingine, akaisugua nta.

Turubai lenyewe hakulihofia. Kila fundi anajua pamba mpya ikinyeshewa hurudi ikawa fupi, lakini hili lilikuwa limenyeshewa miaka sita. “Limeshamaliza kurudi,” alisema. Ndani ya pindo la mbele, pale kulabu zinaposhika, alishonea kamba ili pindo lisichanike. Kamba hiyo ilikuwa ya pamba, nzuri, mpya. Ilikuwa mali adimu, na alifurahi kuipata.

Tarehe 27 Machi 1998 paa liliwekwa. Lilikaa sawasawa kama ngozi ya ngoma. Jua lilikuwa kali. Darius alipanda, akavuta kamba, paa likaanguka nyuma kwa kishindo, sisi tukapiga makofi. Alivuta mara kumi, na kila mara lilianguka.

“Mama Shafii,” alisema akicheka, “hii gari sasa iko na heshima kuliko mimi.”

Mwaka huo mvua kubwa zilituchelewea. Katika wiki tatu za kwanza walisafiri mara nne, na mara zote walikuta jua au manyunyu ya kufuta kwa mkono. Kwenye vizuizi paa lilianguka kama lilivyoahidiwa.

Alhamisi tarehe 16 Aprili mvua ilianza mchana na haikukoma. Gari lililala nje pale dispensari, likanywa maji usiku kucha. Ijumaa saa nane mchana walimpakia mwanamke aitwaye Kadidja, aliyekuwa na uchungu wa siku mbili, wakashuka kuelekea mjini. Katika mteremko kabla ya daraja walikuta magogo barabarani ambayo jana yake hayakuwepo, na watu wenye silaha. Walikuwa nani, hatujui hadi leo, na katika ukurasa huu sitabahatisha.

Darius alipunguza mwendo, akavuta kamba. Paa halikuanguka. Alivuta tena. Risasi zilipita kwenye kioo cha mbele.

Gari liliingia mtaroni taratibu. Rachelle alilisukuma turubai kwa mabega kutoka nyuma, akapiga kelele kwamba wao ni watu wa dispensari, kwamba yuko mama anazaa. Wale watu walisogea, wakaona, wakaondoka. Darius alikuwa amekwisha kukata roho, mkono wa kulia ukiwa bado kwenye kamba. Wapita njia walimbeba Kadidja kwa machela hadi hospitali. Alizaa binti, naye yu hai.

Rachelle angeweza kunyamaza kuhusu kamba. Alikuja mwenyewe Jumapili, baada ya maziko, akatukuta tumekaa.

“Alivuta mara mbili,” alisema. “Nilimwona. Sikuja kukulaumu, Mama Shafii. Nimekuja kwa sababu ungekuja kujua na mutu mwingine.”

Jumatatu gari lilikokotwa hadi uani kwetu. Lilikuwa limeoshwa, na jua lilikuwa limelikausha. Mwanvua alifunga paa, akavuta kamba, likaanguka vizuri kabisa. Kuna aliyesema, labda Rachelle alikosea kwa hofu. Mwanvua alichukua ndoo. Alimwaga ya kwanza juu ya paa lililofungwa, ya pili, ya tatu, na nyingine ambazo sikuzihesabu, akaketi kwenye kigoda kulitazama likinywa. Tulisimama wote, mafundi kumi na wanne, hakuna aliyerudi kazini. Baada ya saa nzima alinyanyuka, akaingia kwenye kiti cha dereva, akashika usukani kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa mkono wa kulia.

Halikufunguka. Alivuta tena mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. Kisha akaachia usukani, akavuta kwa mikono miwili, na paa likaruka kwa mlio kama wa mlango uliopigwa na upepo.

“Kwa mikono miwili linafunguka,” alisema. “Yeye alikuwa na mmoja.”

Alipasua pindo la mbele pale pale kwa wembe, akaitoa ile kamba na kuilaza sakafuni kando ya futi. Ilikuwa imerudi kwa upana wa vidole vitatu. Turubai kuukuu lilikuwa limemaliza kurudi, kamba mpya ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na katika kurudi kwake ilizivuta kulabu mpaka zikauma chuma.

Nilimwambia kulabu ni zangu, na kwamba nilizitengeneza na midomo mirefu kupita kiasi. Ni kweli, na ninaliandika hapa kwa sababu yeye hakuniruhusu kulisema mahali pengine popote.

“Ulifuata kipimo changu,” alinijibu. “Kosa hili halina watu wawili.”

Jioni ile alijifunga kanga, akaenda peke yake kwa Chanceline, mjane wa Darius. Alichomwambia ninakijua kwa sababu amenisimulia hivi karibuni. Alimwambia kwamba paa lilikataa, kwamba lilikataa kwa kosa la mkono wake, na kwamba alilijaribu juani tu na hakulijaribu kwenye maji. Chanceline alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mwanvua alikaa sebuleni na watoto wa marehemu hadi alipoona hakuna wa kumtoa wala wa kumkaribisha, akarudi kwake.

Wiki mbili hakuja kazini. Tuliambiana kwamba ameacha. Siku ya kumi na tano tulimkuta uani alfajiri, amekwisha kulivua lile paa lote.

Paa la pili lilikuwa la turubai lile lile, lakini hakuna aliyelisifu kwamba limekaza. Alilipa nafasi ya vidole viwili kila upande. Badala ya kamba aliweka ukanda wa mpira wa tyubu ya gurudumu, unaonyumbuka. Kulabu nilizikata midomo, zikawa fupi. Alilimwagia maji siku tatu mfululizo, akalivuta kwa mkono mmoja, akawaita wanawake wa sokoni walivute, akamwita bibi kizee muuza mawese alivute. Bibi alivuta, likamwangukia nyuma, akatutukana sote.

Dereva hakupatikana. Hatimaye Rachelle, aliyekuwa ameendesha gari mara chache tu Uvira, alishika usukani mwenyewe. Nafasi yake kule nyuma ikabaki wazi, na Mwanvua akasema ataikalia yeye. Mimi nilimfuata upande wake wa ukuta.

“Mama Shafii, wewe ni fundi. Kazi yako imeisha likitoka uani.”

“Nilifikiri hivyo mara ya kwanza,” alisema.

Kuanzia Juni 1998 hadi Agosti 2001, dispensari ilipopata gari jingine, Mwanvua alipanda safari thelathini na nane, akiwa na miaka hamsini na zaidi, amejikunja penye nafasi ya begi, kamba mkononi. Rachelle aliendesha, mgonjwa alilala, na yeye aliangalia barabara. Akiona kizuizi, alivuta. Kama mvua ilikuwa inanyesha, wote watatu walilowa kwa muda wa kuulizwa maswali, kisha alirudisha paa na kufunga. Kati ya wagonjwa hao thelathini na nane, watatu tuliwapoteza, mmoja akiwa njiani na kichwa chake mapajani mwa Mwanvua. Siku hizo alikuja kazini kama kawaida, ila cherehani yake haikusikika.

Kuna safari moja anayopenda kuisimulia, na nimefurahi kwamba ipo. Ilikuwa Machi 2000, mvua ya mawe. Alivuta, paa likaanguka, na kijana mwenye bunduki akasogea, akaangalia godoro. Alikuwa amevaa gunia kichwani kujikinga.

“Iko nini hapa?”

“Iko mutoto anataka kuja,” Mwanvua alimjibu, “na mawe yanampiga mama yake.”

Yule kijana aliiweka bunduki begani, akashika tao la mbele kwa mikono yake mwenyewe, akalivuta hadi kwenye kioo. “Funga, mama, funga,” alisema. “Mugonjwa asinyeshewe. Muende na amahoro, muende na amani.” Hakuweza kufunga kulabu, Mwanvua alimwonyesha jinsi ya kufanya.

Karakana yetu nayo ilipata sheria mpya tangu mwaka ule: hakuna kazi inayotoka bila kumwagiwa ndoo. Mifuniko ya malori, mahema ya harusi, hata mabegi ya shule. Mwaka jana mteja mmoja nusura atokwe na machozi alipomkuta Mwanvua ameinua ndoo juu ya kochi lake la sebuleni. Tuliwahi, alhamdulillahi. Mafundi waliofunzwa naye wameipeleka sheria hiyo hadi Nyanza-Lac, na wengi wao hawajui ilianzia wapi. Sasa wanajua.

Baada ya kustaafu atavuka ziwa. Barua ya Shafii ilifika Februari kwa mkono wa mfanyabiashara. Yu hai, yuko upande wa Kigoma, ana watoto wawili ambao bibi yao hajawahi kuwaona. Njia si salama sana, na hatujui atapokelewa vipi huko kwa karatasi alizo nazo. Hata hivyo amekata shauri. Kamati imeamua aende na cherehani yake.

Ningekomea hapo, lakini Jumatano iliyopita, nikiwa nimemaliza kuandika, Chanceline aliingia karakana. Miaka mitano alikuwa akipita upande wa pili wa barabara akiuza maandazi yake, akitazama mbele. Tulizima mashine. Mwanvua alikuwa sakafuni, katikati ya turubai la lori aliloliandaa kwa mteja, kazi yake ya mwisho kubwa. Alitaka kuinuka, magoti yakamchelewesha.

“Kaa tu,” Chanceline alisema. “Sikuja kukusamehe, Mama Shafii. Hilo bado sijalipata, na sitakudanganya. Nimesikia unavuka. Sikutaka uvuke bila sisi wawili kusalimiana.”

“Amahoro, Mama,” Mwanvua alisema, na sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia hivyo.

“Amahoro.”

Walibaki hivyo, mmoja amesimama, mmoja ameketi. Turubai lilikuwa limekauka na lilihitaji kukunjwa, na turubai la lori halikunjwi na mtu mmoja. Nilitaka kusogea, Rachelle aliyekuwa amekuja kuaga akanishika mkono. Chanceline alivua viatu vyake mlangoni, akaokota pembe mbili za upande wake. Mwanvua akaokota zake. Walikunja mara moja, mara mbili, kila mara wakikutana katikati na kuachana tena, mpaka likawa furushi dogo. Chanceline alilipapasa juu, akavaa viatu, akaenda zake. Amesema Jumamosi atakuja, kama mvua haitanyesha.

Mama Shafii, umetaka uandikwe wote, nasi tumekuandika. Ushirika unakushukuru kwa miaka yako, kwa ukali wako na kwa kila aliyefika akiwa mkavu. Uvuke salama, umkute Shafii mlangoni, wajukuu wakuzoee haraka, na macho yako yapumzike. Murakoze cane, asante sana. Mungu akupe siku zilizobaki ziwe nyepesi kuliko hizi tulizozibeba nawe.

Samy, kwa niaba ya mafundi wote